SIKU MOJA KATIKA JIJI LA DAR ES SALAAM

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na masahaba zake. Ama baad.

Ndugu wasomaji, Mwenyezi Mungu ametuamrisha mahali pengi katika Kitabu chake kwamba tutembee katika ardhi, tena tutazame. Amri hiyo ina mambo mawili, wala si moja. Aghalabu watu hulishika la kwanza wakaliacha la pili: hutembea, walakini hawatazami. Mtu huenda mji mkubwa akarudi na picha za maghorofa ndani ya simu yake, na ukimuuliza mji ule uliasisiwa na nani, au watu wake waishije, hana la kusema. Nami napenda kuwasimulia siku moja niliyoitumia katika jiji la Dar es Salaam, mapema mwaka 2025, na sababu iliyonipeleka huko, kwa kuwa naamini sababu hiyo imo katika nyumba nyingi za Waislamu.

Kwetu ni Buhemba, katika nchi ya Butiama, mkoa wa Mara. Juu ya ardhi yetu pana mahindi, mihogo na ng'ombe, na chini yake pana dhahabu iliyochimbwa tangu zama za wakoloni. Kijana wetu akimaliza shule huona njia tatu: ashike jembe la baba yake, ateremke mashimoni, au apande basi aende Dar es Salaam. Mashimo hayo tumeyajua. Huporomoka wakati wa mvua, na zebaki wanayoikamatia dhahabu ni sumu kwa mchimbaji na kwa maji anayokunywa mwanawe. Basi ndugu yangu mmoja alikuwa na mtoto wa kiume wa miaka kumi na tisa, niliyemfundisha Qur'ani tangu akiwa mdogo, naye alikuwa ameshikilia kwenda mjini. Baba yake hakutaka. Maneno yalikuwa yamekwisha kuwa makali hata wakawa hawali sinia moja. Mwishowe mzee aliniambia, "Maalim, nenda naye. Mwonyeshe pande zote, zinazong'aa na zisizong'aa. Akisha kuona, aje aniambie anataka nini, nami nitamsikiliza."

Tulipanda basi hata Dodoma, na kutoka Dodoma jioni tukapanda treni ya umeme, ile iliyoanza kuchukua abiria mwaka 2024. Chini ya saa nne tulikuwa Dar es Salaam, katika stesheni iliyojengwa kwa mfano wa jiwe la tanzanaiti. Kijana alistaajabu sana kwa mwendo ule. Nikamwambia kwamba Wajapani walianzisha treni yao ya kasi kati ya Tokyo na Osaka mwaka 1964, miaka kumi na tisa tu baada ya miji yao kuteketea kwa mabomu ya vita. Jambo kubwa halikuwa mwendo wa treni, bali ni watu waliojifunza kazi hata wakaweza kuinuka kutoka katika majivu. Usiku ule tulilala kwa mwenyeji wetu, mtu wa kwetu Mara, fundi cherehani aliyekaa Kariakoo miaka mingi.

Alfajiri tulisali katika Msikiti wa Manyema. Msikiti huu waliuasisi mwaka 1912 Wamanyema, watu ambao asili yao ni mashariki ya Kongo. Ni jambo la kuzingatia: watu waliotoka mbali na pwani kuliko sisi walifika hapa, na katika mambo waliyoyatanguliza ni kujenga mahali pa kusujudu, na mahali hapo pamewaweka pamoja zaidi ya miaka mia moja.

Baada ya chai na vitumbua tukapanda mwendokasi, mabasi marefu yenye njia yake peke yake yaliyoanza kazi Mei 2016, tukashuka Kivukoni. Hapo ndipo ulipoanzia mji. Zamani palikuwa na kijiji cha wavuvi na wakulima kilichoitwa Mzizima. Katika miaka ya 1860 Seyyid Majid bin Said, Sultani wa Unguja, aliipenda bandari hii kwa kuwa imeingia ndani ya nchi na maji yake ni matulivu, akaanza kujenga mji akauita Dar es Salaam, yaani nyumba ya amani. Alifariki mwaka 1870 kabla mji haujasimama, na Seyyid Barghash aliyemfuata hakuushughulikia. Nyumba zikaanza kubomoka na vichaka vikarudi. Kisha wakaja Wajerumani, na mwaka 1891 wakaufanya makao makuu yao badala ya Bagamoyo. Katika majengo ya zama za Majid limebaki Boma la Kale, lenye kuta nene za matumbawe na mlango wa mbao iliyochongwa. Tulisimama mbele yake kitambo. Kijana akasema, "Kumbe hata mji huu nusura ufe." Nikamwambia naam, mji ni kama mti, aliyeupanda huenda asile tunda lake.

Karibu na hapo pana soko la samaki la Feri, lililojengwa kwa msaada wa Japani mwanzoni mwa miaka ya 2000. Sisi watu wa Ziwa twajiona mabingwa wa samaki. Walakini hapo tuliona changu, nguru, kibua, taa na pweza, na sato wetu hana habari. Samaki hunadiwa mafungu mafungu, sauti juu ya sauti, na mwenye kusitasita hupitwa. Ng'ambo ya maji ni Kigamboni, na pantoni likivuka huku likiwa limejaa watu, baiskeli na magari. Wako pia wanaopita katika daraja la Kigamboni lililofunguliwa Aprili 2016. Mzee mmoja mvuvi tuliyemwamkia alituuliza tumetoka wapi. Tulipomwambia Mara, aliuliza kama kwetu bado twakula ugali wa mtama. Tukacheka, tukaagana naye kwa wema.

Tukapanda mjini kwa miguu hata kwenye Sanamu ya Askari, iliyozinduliwa mwaka 1927. Hapo kwanza Wajerumani walikuwa wameweka sanamu ya gavana wao Wissmann, na Waingereza walipouteka mji mwaka 1916 wakaiondoa. Sanamu ya sasa ni ya askari Mwafrika ameshika bunduki yenye singe, na chini yake pameandikwa kwa Kiingereza na Kiswahili maneno ya kuwakumbuka Waafrika waliopigana na wapagazi waliobeba mizigo katika vita vya 1914 hadi 1918. Watu wetu walitiwa katika vita visivyokuwa vyao, wengine upande wa Mjerumani, wengine upande wa Mwingereza, na wapagazi walikufa kwa wingi, aghalabu kwa njaa na maradhi. Hata jina la Kariakoo latokana na hao: ni Carrier Corps, jeshi la wapagazi lililopiga kambi mahali pale. Kijana alikuwa amelala Kariakoo, na fikira zake zote zilikuwa Kariakoo, asijue kuwa jina lile ni la watu waliokuwa wakibeba mizigo ya wengine hata wakafa. Alinyamaza kwa muda mrefu.

Kutoka hapo tulikwenda Makumbusho ya Taifa, katika mtaa uliopewa jina la Shaaban Robert. Makumbusho haya yalifunguliwa mwaka 1940. Mna sarafu za masultani wa Kilwa, zilizopigwa kwa majina yao wenyewe karne nyingi kabla Mreno hajaingia bahari hii, na mna vyombo vya udongo vilivyoletwa na biashara kutoka Uchina. Yafaa vijana wetu wazione sarafu zile, wapate kujua kwamba Waislamu wa pwani hii walikuwa watu wa miji, wa maandishi na wa biashara ya amana.

Lakini kuna kitu kingine mle, nacho ni kizito. Ni ukumbusho wa waliouawa Agosti 7, 1998, lilipolipuliwa bomu katika ubalozi wa Marekani. Hapa Dar es Salaam walikufa watu 11, na Nairobi siku ile ile walikufa zaidi ya 200. Wengi wao walikuwa watu wa nchi zetu, waliotoka majumbani kwao asubuhi kwenda kutafuta riziki. Waliofanya hivyo walijinasibisha na Uislamu. Nilimwambia kijana bila kuficha: siku ukiwa mgeni mjini, huna ndugu wala mfuko, huenda akakujia mtu mwenye maneno matamu na aya ndimini, akakuita kwenye jambo la kumwaga damu ya asiye na hatia. Mtu huyo usimjibu kwa hoja; mkimbie, kisha mwambie imamu na mwenyeji wako. Damu ya mtu ni amana nzito mbele ya Mwenyezi Mungu, na dini yetu haikumhalalishia yeyote kuimwaga kwa dhuluma.

Adhuhuri tulisali katika Msikiti wa Kitumbini. Maduka yamekaa karibu karibu mitaani, na adhana ilipolia tuliwaona wenye maduka wakishusha milango nusu wakaja kutawadha. Tukala wali na maharage katika mgahawa wa akina mama, tukaendelea.

Kati ya mji wa bandarini na Kariakoo pana uwanja wa Mnazi Mmoja. Wakoloni waliuacha wazi makusudi, uwe mpaka kati ya Uzunguni na Uhindini kwa upande huu, na mitaa ya Waafrika kwa upande ule. Leo uwanja uliokusudiwa kuwatenga watu umekuwa mahali pa kuwakusanya. Pana Mnara wa Mwenge wa Uhuru, na watu hupumzika chini ya miti bila kuulizwa asili yao.

Kando yake ndiyo njia ya Lumumba, zamani ikiitwa New Street, na hapo, Julai 7, 1954, ilizaliwa TANU. Sisi watu wa Butiama humjua Mwalimu Julius Nyerere kuwa ni mtoto wa jirani. Alizaliwa Butiama mwaka 1922, alifariki Oktoba 14, 1999, na kaburi lake liko Butiama. Lakini tusichokijua wengi ni namna alivyopokewa Dar es Salaam. Alirudi kutoka Edinburgh mwaka 1952, akawa mwalimu Pugu, nje ya mji. Kijana wa Kizanaki, Mkristo, hana ukoo mjini. Waliokuwa na mji wakati ule walikuwa Waislamu. Mzee Kleist Sykes, mmoja wa walioasisi Chama cha Waafrika mwaka 1929, ndiye pia aliyekuwa miongoni mwa waliosimamisha Al-Jamiatul Islamiyya fi Tanganyika mwaka 1933, ambayo ilifungua shule ya watoto wa Kiislamu. Mwanawe, Abdulwahid, alikuwa akikiongoza chama kilipokuwa TAA, na mwaka 1953 Nyerere akachaguliwa kuwa rais wake. Abdulwahid hakuufanya uadui. Aliendelea kumkaribisha nyumbani kwake na kumjulisha kwa wazee. Bibi Titi Mohamed akawakusanya wanawake, na Sheikh Suleiman Takadir akaongoza baraza la wazee. Machi 1955 Nyerere alipokwenda New York kusema mbele ya Umoja wa Mataifa, wananchi ndio waliochanga nauli. Aliporudi akaacha ualimu, maana wakoloni hawakutaka ashike yote mawili, na mshahara ukakatika.

Tulivuka bonde la Jangwani kwa mwendokasi, bonde ambalo mvua kubwa zikinyesha hufurika, hata tukafika Magomeni kuiona nyumba aliyowahi kukaa, ambayo sasa ni makumbusho. Ni nyumba ya kawaida. Kijana wangu alitazama vyumba, akatazama vyombo, akasema, "Maalim, huyu naye alitoka kwetu akaja mjini, mbona akafanikiwa?" Hilo ndilo swali nililokuwa nikilingojea tangu Buhemba, nami nilimjibu hivi: "Alikuja na mambo mawili. Alikuja na elimu aliyoisumbukia, na alipata watu wa kumpokea, waliomjua kwa jina na kwa tabia. Wewe una lipi katika hayo?" Hakujibu, wala sikumshurutisha.

Baada ya Alasiri tulirudi Kariakoo ili aione kazi aliyoitamani. Soko kubwa, lililochorwa na Beda Amuli katika miaka ya 1970 kwa paa lenye mfano wa miavuli, liliungua Julai 10, 2021, na baadaye likajengwa upya. Mitaa inayolizunguka imejaa nguo, viatu, simu na vyombo, na watu wa Kongo, Zambia, Malawi na Komoro huja kununua. Kijana alichangamka. Mwenyeji wetu akatukutanisha na machinga wawili, mmoja wa Shinyanga na mmoja wa Mtwara, wote vijana. Nao, Mungu awajaze kheri, walisema kweli. Walieleza kuwa huchukua bidhaa kwa mali kauli, yaani hukopeshwa kwa neno tu, na jioni lazima walete fedha au bidhaa. Mvua ikinyesha siku nzima, deni halinyeshewi. Chumba chataka kodi ya miezi mitatu au sita kwa mpigo. Wanaamka kabla ya Alfajiri na kulala usiku wa manane. Yule wa Mtwara akasema, "Mwaka wa kwanza nililala kwenye kibanda cha bidhaa, na nyumbani nilikuwa nikipiga simu nasema nina chumba." Na wote wawili walikuwa Kariakoo lilipoporomoka lile ghorofa Novemba 16, 2024, likaua watu zaidi ya 20. Walichimba kwa mikono yao kuwatafuta waliofukiwa. Nilimwona kijana akinitazama. Hapana shaka alikumbuka mashimo ya Buhemba. Kumbe kuna kufukiwa kijijini, na kuna kufukiwa mjini.

Hata hivyo yapasa niseme haki. Yule wa Shinyanga sasa ana meza yake, anawasomesha wadogo zake wawili, na hakumnung'unikia Mungu hata mara moja. Mjini pana riziki. Mwenye kusema mji wote ni ufisadi amedhulumu, kama alivyodhulumu asemaye mji wote ni neema.

Magharibi ilitukuta Kinondoni, katika msikiti mkubwa wa Mfalme Mohammed VI, palipo makao makuu ya BAKWATA. Mfalme huyo wa Morocco aliuahidi alipoizuru nchi yetu Oktoba 2016, na husaliwa humo na maelfu ya watu. Kuta zake zimenakshiwa kwa namna ya Morocco. Nilitazama safu: mwenye suti kando ya mwenye kandambili, na katikati yao kijana wangu wa Buhemba, bega kwa bega. Dar es Salaam ilikuwa na watu zaidi ya milioni 5 katika sensa ya 2022, na mkoa wetu wote wa Mara haukufika nusu ya hao. Katika umati kama huo mtu aweza kupotea asitafutwe. Mahali ambapo atajulikana kuwa hayupo ni msikitini anaposali kila siku, na kazini kwa bwana anayemjua.

Usiku, baada ya chakula, fundi alimwuliza kijana, "Haya mwanangu, umeuona mji. Wasemaje?" Akajibu, "Nautaka bado, Baba." Kisha akaongeza, "Lakini sina cha kuja nacho." Tukazungumza mpaka usiku mwingi. Yeye mwenyewe alisema atajifunza umeme wa majumbani katika chuo cha ufundi stadi Musoma, na fundi akaahidi mbele yangu kwamba akimaliza, atampokea kwake na kumjulisha kwa mafundi anaowaamini.

Tulirudi Buhemba. Kijana alimweleza baba yake yote, na ile ya machinga aliyelala kibandani hakuiacha. Mzee alimsikiliza kama alivyoahidi. Alinyamaza siku mbili, na siku ya tatu akauza ng'ombe kwa ajili ya ada. Bado angependa mwanawe abaki nyumbani, na mwanawe bado angependa kuondoka. Ila sasa wanakula sinia moja, na jambo lenyewe wanalizungumza.

Enyi wazazi, msiwazuie watoto wenu kwa kuwatisha tu. Kijana aliyekatazwa bila kuelezwa huondoka usiku. Ikiwezekana, mwoneni mji pamoja naye, au mumtume mtu mnayemwamini. Asiondoke mtoto ila awe na mambo haya: ufundi mkononi mwake, mwenyeji mwenye jina na nyumba inayojulikana, na msikiti ambao imamu wake atamfahamu. Na nyinyi mlio mijini, mkumbukeni Abdulwahid na wazee wenzake, jinsi walivyompokea mgeni asiyekuwa wa ukoo wao wala wa dini yao. Akibisha hodi kijana wa bara, msimwulize kwanza amebeba nini.

Nanyi vijana, mji hauondoki. Umekuwapo tangu Majid, na mtaukuta. Jifunzeni kwanza, kisha mtembee, na mkitembea mtazame.

Mwenyezi Mungu atuongoze sote katika lililo jema. Wabillahi taufiq.